Mtangazaji Akipewa Rungu: Kituo cha Darasani Tusikiruke

Kila mtangazaji mkongwe akiteuliwa kwenye bodi au kamati ya kusimamia vyombo vya habari hapa kwetu Tanzania, maneno yanayofuata ni yaleyale mawili. Mmoja anasema kapewa ulaji, mwingine anasema afadhali yeye maana kazi anaijua. Nimeyasikia sana haya na yote mawili nimewahi kuyasema mwenyewe kwa nyakati tofauti, ila miaka inavyokwenda naona yanaliruka swali ambalo kwangu ndo kubwa, kwamba huyu mtu kati ya studio na hiyo ofisi alipita wapi. Amewahi kufundisha? Na kufundisha hapa sio ile semina ya siku mbili yenye posho na soda, naongelea kusimama mbele ya vijana muhula mzima, kubeba kazi zao nyumbani, kuzisahihisha na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwanini hapa umekosa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Studio inampa mtu masikio, lakini kinachomfanya awe msimamizi wa haki ni darasa, na sisi darasa tumeligeuza stendi ya kusubiria gari, mtu akistaafu redioni anapitia hapo "kupumzika" mpaka uteuzi utoke. Ndo maana tuna wasimamizi wanaojua kosa likifanyika ila hawajui kulieleza.

Nieleze kwanini nasema hivyo. Aliyekulia chumba cha habari anazoea mamlaka ya namna moja, ya mdomo na ya haraka. Mhariri wa zamu anaingia zimebaki dakika nane kufika saa mbili usiku, anasoma skripti amesimama, anasema hii toa, hii peleka ya tatu, hii upande wa pili haujasikika iweke kiporo. Hakuna anayeuliza kwanini na kwa kweli hatakiwi kuuliza maana saa haimsubiri mtu. Kwa kazi ile ni sawa kabisa, bila hivyo taarifa ya habari haitoki. Sasa mchukue mtu huyohuyo aliyeishi hivyo miaka 25, mpe ofisi yenye nguvu ya kupiga faini, kufungia kipindi, kumnyima mwandishi kitambulisho, alafu usimpitishe popote katikati, atafanya kile anachokijua, atasema hii toa. Anakuwa mhariri mkuu wa nchi nzima, kazi ambayo hakuna sheria iliyompa.

Na hii tabia ina historia yake, haikuanguka kutoka mbinguni. Kwa miaka mingi Tanzania Bara redio ilikuwa moja. Sauti ya Dar es Salaam ya 1951 ikaja kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika 1956, alafu 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wetu mpaka leo wakisikia mlio wake wananyamaza. Televisheni Bara hatukuwa nayo kabisa, wenzetu Zanzibar ndo walitutangulia miaka ya 70. Katika mazingira yale nani alihitaji mdhibiti? Udhibiti ulikuwa ndani ya kalamu ya mhariri, mkuu wa redio ndo mwenye chombo, ndo mhariri, ndo hakimu. Ikaja sheria ya huduma za utangazaji ya 1993, ikazaliwa Tume ya Utangazaji, mwaka uliofuata Radio One na ITV zikaingia hewani, na ghafla pakawa na watu wengi wanaoongea kwa wakati mmoja. Mwaka 2003 Tume ya Utangazaji ikaunganishwa na Tume ya Mawasiliano tukapata TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ndani yake Kamati ya Maudhui inayoamua malalamiko ya vipindi. Majina yalibadilika ila ile tabia ya kalamu ya mhariri wa redio pekee ilihamia kwenye ofisi mpya, na waliohama nayo ni watu wema tu, waliolelewa hivyo.

Darasani ile tabia inavunjwa. Mimi nililiona hili kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi wa diploma. Tulikuwa na mwalimu aliyewahi kuwa msomaji wa taarifa ya habari, sauti yake bibi yangu aliijua kabla mimi sijazaliwa. Siku ya kwanza alikuja na redio kaseti chini ya kwapa, akaiweka mezani, akabonyeza, ikaanza taarifa ya jana yake aliyoirekodi mwenyewe nyumbani. Sekunde ya nne hivi akaizima. "Nani kasema?" Tukatazamana. Akairudisha nyuma, ikasoma tena, wananchi wa eneo fulani wamelalamikia huduma, akaizima. "Wananchi wangapi? Nani kawasikia?" Kipindi kizima cha saa mbili hatukumaliza dakika tatu za taarifa ile.

Kilichonibakia zaidi ni wiki ya tano au ya sita, alipoleta kaseti ya zamani yenye sauti yake mwenyewe. Ilikuwa habari ya ajali ya basi, na alitaja jina la basi ambalo sio lenyewe, habari ilimfikia hivyo akaisoma hivyo bila kupiga simu hata moja. Familia za waliokuwa safarini na lile basi la jina alilotaja zilikesha usiku mzima zikitafuta ndugu zao. Ile kaseti aliitunza. Akatuambia tuisikilize sauti yake pale anapotaja jina, kama inatetemeka, na haikutetemeka hata kidogo, ilikuwa nzuri kama siku zote. Darasa lilikuwa kimya, hata wale wa nyuma waliokuwa wanachati walishusha simu.

Yule mzee redioni kwake asingeweza kufanya vile. Kwenye chumba cha habari kosa linazikwa, unasoma masahihisho ya sekunde kumi na tano maisha yanaendelea. Darasani alilazimika kulifukua, kulikata vipande, kueleza lilipoanzia, lilipita mikono ya nani, na ni wapi lingeweza kuzuilika. Alafu sisi vijana tulikuwa tunambishia. Ukimpa mwanafunzi C anakuja ofisini na karatasi anataka kujua kwanini mwenzake mwenye kazi kama yake kapata B, na inabidi umuoneshe mwongozo wa kusahihishia, na kama hajaridhika, juu yako kuna mtahini wa nje atapitia zile karatasi. Yaani mwalimu ana nguvu juu ya maisha ya mtu, anaweza kumpa sapu, anaweza kumrudisha nyumbani, lakini kila alama anayotoa lazima iwe na sababu iliyoandikwa ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Hebu niambie, kuna mazoezi gani mengine bora kuliko hayo kwa mtu atakayekuja kusimamia vyombo vya habari?

Tuchukue mfano ulio wazi. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilipigwa na TCRA faini ya jumla ya shilingi milioni 60, kituo kwa kituo ilikuwa kati ya milioni 7.5 na milioni 15, sababu ni kurusha taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Hoja iliyobebwa ni kwamba habari ile haikuwa na mizania. Mi binafsi niliona ni adhabu nzito kwa kosa la kuripoti mkutano na waandishi wa habari, na bado naona hivyo, ila tuiache hukumu pembeni kidogo tuangalie somo lililokuwemo. Mizania inapimwaje? Ndani ya habari moja ya dakika mbili, au ndani ya siku nzima, au ndani ya wiki, kwamba jana nimemweka huyu leo namweka yule? Ripota aliyerudi saa kumi na moja jioni na mtuhumiwa hapatikani kwenye simu, afanye nini, aiache habari au airushe na kusema tumemtafuta? Je, taasisi ikisoma ripoti yake hadharani, chombo kinabeba kila neno lake? Haya ni maswali ambayo mtu aliyefundisha kipindi cha maadili kashapambana nayo na vijana mara hamsini, anajua hayana jibu la mstari mmoja, na angejua pia kwamba ile tofauti ya milioni 7.5 na milioni 15 ndo muhadhara wenyewe, ilitakiwa ipelekwe kila chuo cha habari nchini ichambuliwe kama tulivyochambua ile kaseti. Badala yake kilichobaki vichwani mwa wahariri ni namba, milioni 60, na somo walilolipata ni kwamba ripoti za haki za binadamu zinaunguza. Hofu imeingia ila weledi haukuongezeka hata inchi.

Na huyo mtahini wa nje kwenye udhibiti wetu ni nani? Uamuzi wa TCRA ukikatiwa rufaa unakwenda Baraza la Ushindani, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mambo ya biashara na ushindani wa soko. Ni wanasheria na wachumi makini, sina shaka nao, ila kesi ya mizania ya habari kuamuliwa sehemu moja na kesi za bei na ushindani wa makampuni, hapo mi naona mtihani wa Kiswahili umepelekwa kwa mtahini wa hesabu.

Sasa turudi kwa watu, maana njia hizi zimepitwa na watu halisi. Tido Mhando wengi wetu tunamjua kwa sauti, Radio Tanzania, akapita Sauti ya Kenya, akaenda BBC mpaka akawa mkuu wa Idhaa ya Kiswahili, 2006 akarudi nyumbani kuongoza shirika la utangazaji la taifa lililokuja kuitwa TBC, mkataba wake ukaisha baada ya uchaguzi wa 2010 bila kuongezwa, akaendelea Mwananchi, akaendelea Azam Media, na hatimaye akapewa uenyekiti wa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, ile inayotoa vitambulisho vya waandishi. Mtu wa namna hii ukimwambia mwandishi amekosea anajua amekosea kwenye hatua ipi, na presha ya wakubwa anaijua kwa kuiishi. Dk. Ayub Rioba yeye kapita njia ya kinyumenyume, alikuwa mwandishi, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alafu 2016 akatolewa darasani kwenda kuiongoza TBC. Edda Sanga, sauti ya RTD, alikuwa miongoni mwa kinamama walioanzisha TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, 1987 na baadaye akaja kuwa mkurugenzi wake, na TAMWA kwa namna yake imekuwa shule, imefundisha vyumba vya habari kumwandika mwanamke kama binadamu. Kajubi Mukajanga alitoka kwenye uandishi akaiongoza Baraza la Habari, MCT, kwa zaidi ya miaka kumi. Ukiwaangalia hawa wote unaona kitu kimoja, kwamba nguvu zao zilizodumu hazikutokana na kufungia mtu. Baraza la Habari lenyewe, lililoanzishwa 1995 na waandishi wenyewe likaanza kazi 1997, halina polisi wala leseni ya kunyang'anya, linaita pande mbili mezani, linasikiliza, linaandika uamuzi. Ni udhibiti wa kiualimu kabisa, na naamini kwa dhati ndo ulitufaa zaidi.

Ila nisiwe mtu wa kusifia wasifu wa watu nikaisahau sheria. Unaweza kumweka mwalimu bora kuliko wote kwenye kiti, kama kiti kimechongwa vibaya atakaa vibaya. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ndo iliyoleta Bodi ya Ithibati, na wajumbe wake wanateuliwa na waziri. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha iliona vifungu vingi vya sheria ile vinakwenda kinyume na mkataba wa jumuiya, vikiwemo vya ithibati, na sheria ikaja kufanyiwa marekebisho 2023. Bodi yenyewe ilichukua karibu miaka 8 kuundwa tangu sheria ipite. Mwenyekiti anaweza kuwa na masikio mazuri kuliko wote, bado akiamua jambo lisilompendeza aliyemteua, ulinzi wake ni nini? Mwalimu wa chuo ana seneti na utaratibu, akimfelisha mtoto wa mkubwa kuna karatasi inayomkinga. Mwenyekiti wa bodi hana karatasi ya namna hiyo, ana heshima yake tu. Heshima ya miaka 40 redioni ni nzito ila haitoshi kuzuia simu moja ya usiku.

Kuna jambo jingine linaniuma na sioni likisemwa. Ile sheria na kanuni zake zilitaka mwandishi awe na angalau diploma ya fani, wakapewa miaka mitano ya kujiendeleza. Nimekaa darasa moja na watangazaji wa miaka ishirini hewani, watu wazima, wanaandika notisi za utangulizi wa uandishi wa habari wanazosomewa na kijana ambaye hajawahi kushika fada, kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti studio, maishani mwake. Kijana sio mkosaji, kasoma vizuri, ana GPA nzuri, na TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka hata mhadhiri msaidizi awe na shahada ya uzamili yenye ufaulu wa juu. Lakini angalia kilichotokea, aliye na studio kakosa mlango wa kufundisha kwa sababu hana makaratasi, aliye na makaratasi hana studio, na wote wawili wamo chumba kimoja wakitazamana upande usio sahihi. Siku moja mwalimu akaeleza jinsi ya kumkatisha mgeni anayeongea sana laivu, akatoa mbinu ya kitabuni, kaka mmoja nyuma yangu akaguna kwa upole akasema mwalimu ukifanya hivyo mgeni ataondoka studio. Darasa likacheka, mwalimu akawa mkubwa, akamwita mbele aeleze. Dakika kumi zile zilikuwa bora kuliko muhula mzima. Vyuo vyetu vina redio zao, Mlimani Redio na TV ya UDSM ni mfano, Mwanza SAUT wana yao, kwanini kusiwe na ngazi rasmi ya mkufunzi wa studio inayoheshimu miaka ya hewani bila kumdai mtu uzamili? Kama hatuwaingizi wakongwe darasani wakiwa na nguvu, tusishangae wakifika kwenye bodi na tabia za chumba cha habari tupu.

Mimi ningependa yeyote anayekaa Kamati ya Maudhui au Bodi ya Ithibati awe na somo moja analofundisha kila mwaka, chuo chochote, hata kama ni cheti. Aingie na klipu ya kesi aliyoiamua mwenyewe, vijana wambishie. Maamuzi yaandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, yawekwe wazi, yatumike mitihani. Na yafike studio, hili la mwisho ndo muhimu kuliko yote, nitaeleza kilichonifundisha.

Niliwahi kufanya kazi redio moja ya mkoani, jina nitaliacha. Kipindi cha asubuhi kilikuwa cha kupiga simu, na kifaa cha kuchelewesha matangazo, dilei kama tunavyoiita, hatukuwa nacho, msikilizaji akisema kitu kimesemwa. Siku hiyo mtangazaji wetu, kijana mzuri sana, mkono mmoja alikuwa anaandika namba ya mpigaji anayefuata, kwa hiyo haukuwa kwenye fada. Mpigaji aliyekuwa hewani akamtaja mwenyekiti wa kijiji kwa jina lake na la baba yake kwamba kala hela za pembejeo. Sekunde sita hivi, mpaka kijana anaushusha fada imeshatoka. Malalamiko yakaenda, wasimamizi wakatuandikia. Bosi akamwita kijana ofisini, akatoka amebeba begi, akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Sisi tuliobaki tuliambiwa tu kwamba redio imepewa onyo tuwe makini. Hatukupata maelezo mengine, na wiki chache baadaye mwenzetu wa zamu ya jioni akafanya kosa lilelile kwa mtindo uleule, mkono mbali na fada.

Miaka mitatu baadaye redio ikahama jengo, nikapewa kazi ya kupanga mafaili. Ile barua nikaikuta kwenye droo, bado ndani ya bahasha. Ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza onyo. Ukurasa wa pili ulieleza kosa lilivyotokea hatua kwa hatua, kwamba kituo hakina dilei, kwamba mtangazaji alikuwa peke yake akifanya kazi ya watu wawili, na ukaagiza uongozi ufunge kifaa, uweke mtu wa kuchuja simu kabla hazijaingia hewani, na watangazaji wapewe mafunzo. Kosa lilikuwa limewekwa kwa uongozi, kijana alitajwa kama mtu aliyeachwa bila msaada. Aliyeiandika ile barua, sijui ni nani, alikuwa ameshika fada na alikuwa ameshika chaki, unaona kabisa kwenye sentensi zake.

Nikaipiga picha nikamtumia yule kijana, siku hizi anaendesha bodaboda na wikiendi anakuwa MC kwenye harusi. Zile tiki zikawa bluu, akakaa kimya karibu saa nzima. Alafu ikaja voisi noti fupi, nyuma yake unasikia pikipiki inanguruma: "Kaka, kumbe walieleza?"